Nimeambiwa kitambi kimejaza protini za saratani kwenye damu yangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 46. Nina duka la nyavu na vipuri vya mashine za mitumbwi hapa Kirumba, Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Kwetu ni Ukerewe, lakini mke wangu na watoto wetu wanne tunaishi Nyasaka.

Mwaka juzi tulimzika kaka yangu. Ni tumbo moja, mimi ndiye niliyemfuata. Alikuwa na miaka 52. Zaidi ya mwaka mzima alikuwa anatibiwa amiba, anapewa dawa anapata nafuu wiki mbili, inarudi. Alipokuja kupelekwa kwenye kipimo cha kamera ikaonekana ni saratani ya utumbo mpana na imeshafika kwenye ini. Kuanzia siku hiyo hadi tunarudi naye kwenye kivuko akiwa kwenye jeneza ilikuwa miezi minane. Sijazoea mpaka leo.

Sasa mwezi uliopita rafiki yangu mmoja akanipeleka kwenye semina ya afya, ilikuwa hotelini. Wana mashine, unashika kifimbo cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, baada ya dakika mbili inatoa karatasi inayosema kila kiungo chako kiko vipi. Mimi wakaniambia nina kilo 101 na urefu wa mita 1.70, tumbo sentimita 114, na kwamba damu yangu imejaa protini za unene ambazo ndizo zinazoleta saratani ya utumbo mpana. Yule kijana alisema jambo hili limethibitishwa Ulaya na madaktari wetu hawalijui. Nikawaza kaka. Nikanunua paketi ya mwezi mmoja, unga wa kusafisha utumbo na vidonge vya kuyeyusha protini, shilingi 380,000. Inatakiwa miezi mitatu.

Tangu siku hiyo nimeacha protini zote. Sato sili, dagaa sili, maharage, mayai, vyote nimeacha. Mimi mtoto wa ziwa nakula ugali na mchicha, mke wangu amenuna, anaona kama nakataa chakula chake. Njaa ikinibana dukani naagiza chipsi. Huo unga unaniharisha sana, na nikiharisha naona damu, ila damu yenyewe si ngeni, naiona mara moja moja tangu kabla ya Pasaka, ni bawasiri, kazi ya kukaa kwenye kiti siku nzima. Nilinunua dawa ya kupaka.

Kingine, shangazi, niseme ukweli. Naogopa saratani lakini pia naogopa kukonda. Kaka alipoanza kukonda watu walisema mengi, hata msibani walikuwa bado wanayasema. Mimi nikipungua hapa sokoni wateja watasema nimeungua.

Naomba unisaidie. Je, ni kweli hizo protini zipo? Kuna maabara hapa Mwanza inayoweza kunipima nijue zimefika kiasi gani? Niendelee na paketi ya pili? Na kama unene ndio unaoleta, mbona kaka yangu alikuwa mwembamba maisha yake yote?

Msomaji wako, Kirumba.

—

Marahaba, baba. Pole sana kwa kaka yako.

Umeniuliza maswali manne mazuri na nitayajibu yote. Lakini kuna jambo hukuliuliza. Umelipitisha katikati ya habari za unga, umelipa jina na umelinunulia dawa ya kupaka: damu kwenye choo, tangu kabla ya Pasaka. Mwanaume wa miaka 46, kaka yake wa tumbo moja amekufa kwa saratani ya utumbo mpana, anatoka damu miezi kadhaa. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi miaka 27, na ningekuwa dukani kwako sasa hivi ningekuomba ufunge tuende pamoja.

Sisemi una saratani. Huenda ni bawasiri kweli. Bawasiri ni nyingi kuliko saratani, na damu yake kwa kawaida ni nyekundu mbichi inayodondoka juu ya choo au kubaki kwenye karatasi. Huenda pia ni kichocho. Umekulia Ukerewe, umeoga ziwani, umevuta nyavu ukiwa majini hadi kiunoni, na huku kwetu kichocho cha tumbo kimejaa pwani yote ya ziwa. Nacho huleta choo chenye damu, maumivu ya tumbo na uchovu. Kinapimwa kwa kuangalia mayai ya minyoo kwenye choo chini ya hadubini, na kinatibika kwa prazikwanteli, vile vidonge vikubwa ambavyo watoto wetu hupewa shuleni.

Tatizo la sisi wa kando ya ziwa ni kwamba damu chooni ina majina mengi ya kuituliza. Amiba. Kichocho. Bawasiri. Mtu akishapata jina moja anatulia nalo, na mwenye duka la dawa anatulia nalo pia. Kaka yako alikaa na amiba zaidi ya mwaka. Wewe umekaa na bawasiri tangu Pasaka, na hakuna aliyekuangalia. Isitoshe, mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa wakati mmoja. Kuiona ya kwanza hakuiondoi ya pili.

Kwa hiyo wiki hii nenda hospitali. Sekou Toure si mbali na hapo ulipo, anzia huko, na wakiona haja watakuandikia rufaa ya kupanda Bugando, ambako kuna madaktari bingwa na idara ya saratani. Usiseme "tumbo linanisumbua". Sema hivi: natoka damu kwenye haja kubwa kwa miezi kadhaa, na kaka yangu alikufa kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 52. Sentensi hiyo moja inabadilisha foleni yako yote. Watapima choo, watapima wingi wa damu, maana utumbo unaovuja kidogo kidogo humaliza damu ya mtu bila yeye kujua, na mwanaume wa umri wako akikutwa amepungukiwa damu bila sababu inayoonekana, lazima utumbo uchunguzwe.

Daktari pia atataka kukupima kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa. Nalisema wazi kwa sababu ndilo linalowakimbiza wanaume. Nimewaona wavuvi waliotoka salama kwenye dhoruba ya usiku wakashindwa kupanda kitanda hicho. Ni dakika moja, kuna glavu na kilainishi, pazia limefungwa, na kidole hicho kinaweza kugusa uvimbe ulio sehemu ya chini kabla haujakua. Baada ya hapo kwa historia ya familia yako utahitaji kamera, kolonoskopi. Unakunywa dawa ya kusafisha tumbo siku moja kabla, kwa maelekezo ya hospitali, kisha mrija laini wenye kamera unapitishwa kuangalia utumbo mpana wote. Na uzuri wake hauishii kwenye kuona. Saratani hii mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, na kinyama hicho huchukua kama miaka 10 au zaidi kugeuka saratani. Kikikutwa mapema hukatwa humo humo kwa kamera, na safari yake inaishia hapo.

Kwa ndugu wa damu wa mgonjwa, mzazi, kaka, dada au mtoto, wataalamu hushauri uchunguzi uanze mtu akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligundulika, chochote kinachotangulia. Wewe umeshapita hapo hata bila damu.

Sasa protini.

Kijana wa hotelini alichukua ukweli akaufunga kwenye paketi isiyo yake. Protini zipo. Ila neno hili limekuchanganya, na sikulaumu, maana shuleni tulifundishwa protini ni samaki na maharage, tukaishia hapo. Protini ya sato ukishaila, tumbo linaivunja vipande vidogo kabisa, na mwili unavitumia vipande hivyo kujenga vitu vyake: misuli, damu, ngozi, na pia wajumbe. Ndiyo, wajumbe. Damu yako imejaa protini ambazo mwili umezitengeneza wenyewe ili kiungo kimoja kikipelekee kingine habari. Insulini ni mmojawapo. Hizo ndizo zinazozungumzwa Ulaya. Hazikutoka kwenye sahani ya dagaa, na kuacha dagaa hakuzipunguzi.

Zamani hata sisi wauguzi tulifundishwa kwamba mafuta ya mwili ni ghala tu, gunia la mpunga lililokaa kona likisubiri njaa. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitangaza kugundua kinasaba cha mjumbe anayetengenezwa na mafuta yenyewe na kutumwa hadi kwenye ubongo. Akaitwa leptini. Tangu hapo imejulikana kwamba mafuta, hasa yale yaliyozunguka matumbo ndani ya kitambi, yanafanya kazi usiku na mchana, yanatuma ujumbe. Kitambi kikikua, leptini inapanda. Mjumbe mwingine, adiponektini, ambaye ni wa kutuliza, anapungua. Protini za vita kama interlukini-6 na ile iitwayo CRP, ambazo kwa kawaida hupanda ukiwa na kidonda au homa, zinabaki juu juu kila siku bila kidonda chochote, kama jiko la mkaa lililofunikwa majivu. Na kwa kuwa mwili mnene huanza kutoisikiliza insulini, kongosho inaongeza insulini zaidi na zaidi ili isikike.

Haya yanafikaje kwenye utumbo? Ngozi ya ndani ya utumbo hujibadilisha upya kila baada ya siku tatu hadi tano, kwa maisha yako yote. Ni sehemu yenye kazi nyingi ya kugawanyika kwa seli. Insulini, pamoja na ndugu yake aitwaye IGF-1, huziambia seli zikue na zigawanyike. Ujumbe huo ukizidi, na lile jiko la majivu likiwa linawaka pembeni, seli zinagawanyika kwa haraka, makosa ya kunakili yanaongezeka, na seli yenye kasoro ambayo ingepaswa kufa inaambiwa iendelee kuishi. Hivyo ndivyo kinyama kinavyopata nafasi.

Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lililoko Lyon, Ufaransa, lilipitia ushahidi wote likasema wazi kwamba unene unaongeza hatari ya saratani za aina 13, na utumbo mpana umo. Kwa saratani ya utumbo mpana uhusiano huo ni mkubwa zaidi kwa wanaume, na tumbo linasema zaidi kuliko mzani. Mpaka wanaoutumia kwa mwanaume ni sentimita 102 kiunoni. Wewe una 114. Hilo ni la kweli na sitakuficha. Kipimo hicho ulichopewa hotelini kwa futi ya fundi cherehani ndicho pekee ninachokiamini katika karatasi yako yote.

Kifimbo cha chuma hakipimi protini za damu. Hakikutoboa ngozi, hakikuchukua damu hata tone, kimepima nini? Wanaochunguza protini hizi huchukua damu ya watu wengi mno, huihifadhi kwenye baridi kali, na kuwafuatilia watu hao miaka mingi kuona nani ataugua. Utafiti mmoja wa Ulaya uitwao EPIC ulikusanya watu zaidi ya laki tano kutoka nchi 10. Wengine wanatumia vinasaba, kwa sababu vinasaba vya kunenepa mtu huvipata tumboni mwa mama yake, kabla hajajua pombe wala sigara, na hivyo vinasaidia kutenganisha unene wenyewe na tabia zinazoambatana nao. Kazi hiyo ya kutambua ni protini ipi hasa inayobeba lawama inaendelea, na inanipa matumaini.

Lakini matokeo yake ni ya kundi. Wewe ni mtu wa Mwaloni, utanielewa: kila mvuvi anajua kwamba dagaa hupatikana wakati wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa watu wanapumzisha taa. Hilo ni kweli tupu. Je, linakuambia mtumbwi wako usiku huu utaleta ndoo ngapi? Ndivyo zilivyo protini hizi. Watu wenye insulini ya juu, wakihesabiwa maelfu kwa maelfu, wanaugua zaidi. Kwa mtu mmoja aliyekaa mbele yangu hakuna kiwango cha leptini kinachoniambia kama utumbo wake uko salama. CRP inaweza kupimwa maabara hapa hapa Mwanza, lakini itapanda hata kwa malaria au jino bovu. Kwa hiyo usitafute maabara ya protini. Pesa hiyo ni ya kamera, kamera inatazama utumbo wenyewe.

Paketi ya pili usinunue, na iliyobaki ya kwanza iache leo. Hakuna kidonge kinachoyeyusha protini za damu, na kingekuwapo kingekuua, kwa kuwa damu bila protini haibebi uhai. Ule unga ni wa kuharisha tu. Unakutoa maji na chumvi, unakutia uchovu, na kwa mtu anayetoka damu ni hatari zaidi, kwa sababu unampa sababu nyingine ya kusema "ah, ni ile dawa". Nakasirika, baba, nikifikiria kwamba mtu alisikia habari za msiba wako kisha akatoa kitabu cha risiti.

Mwambie mke wako akupikie sato leo. Mwombe radhi pia, maana mwanamke wa kwetu sahani ikirudi haijaguswa hasemi, lakini anaumia. Samaki hana kosa. Umeacha samaki, dagaa na maharage ukaangukia chipsi, yaani umetoa walinzi ukabakiza mwizi. Mwaka 2015 shirika lile lile la Lyon liliziweka soseji na nyama nyingine za kusindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na kusema kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa karibu asilimia 18. Hujataja soseji, lakini najua vibanda vya Kirumba na najua kinachokaa juu ya sahani ya chipsi. Pombe nayo imo kwenye orodha hiyo kwa saratani hii hii, hata kama hujaitaja.

Kuna utafiti ambao kijana wako hakuujua, na umefanyika hapa hapa Tanzania. Matokeo yake yalitoka mwaka 2025. Watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi waliwachukua wanaume 77 wenye afya njema mkoani Kilimanjaro. Wa kijijini, waliozoea mboga za majani, kunde, ndizi na nafaka zisizokobolewa, wakapewa kwa wiki mbili chakula cha kisasa: soseji, mkate mweupe, chipsi. Wa mjini wakapewa chakula cha kijijini. Wakapima damu. Kwa wale wa kijijini protini za lile jiko la majivu zilipanda ndani ya wiki mbili. Kwa wa mjini zilishuka, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Wiki mbili tu! Miaka 10 kabla yake, mwaka 2015, Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana chakula kwa muda huo huo, wakaangaliwa utumbo kwa kamera, na ile kasi ya seli kugawanyika ikabadilika kwa kufuata sahani.

Kwa hiyo dawa ya kupunguza protini hizo ipo, na mama yako aliipika. Ugali wa mtama au wa udaga badala ya sembe nyeupe kila siku. Mlenda, kisamvu, matembele, kunde na majani yake. Michembe ya kuchemsha asubuhi badala ya chapati na soda. Dagaa wazima. Mafuta kidogo, na ugali upungue ukubwa, hilo nalo liwe kweli. Na utembee. Kutoka Nyasaka hadi Kirumba si lazima bodaboda kila siku. Anza hata na kushuka kabla ya kufika. Tumbo likipungua, insulini inashuka, CRP inashuka, leptini inashuka. Hata sentimita chache za mkanda zina faida, huhitaji kuwa kijana wa miaka 20.

Ulichoandika kuhusu kukonda nimekisoma mara tatu. Nilianza kazi miaka ile ambayo wodi zetu zilijaa vijana waliokonda. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo hii hii ya ziwa letu, na Uganda wakauita Silimu kwa sababu ya ule wembamba. Tuliozika wengi mwambao huu tulijifunza kusoma mwili: mnene yuko salama, aliyekonda anaondoka. Kitambi kikawa cheti cha daktari. Mke akionekana na mume mwenye tumbo anasifiwa kwamba anamtunza. Siwezi kukuambia hofu hiyo haina maana, maana niliwafunga sanda wengine kwa mikono yangu. Lakini siku hizi mwenye virusi anayekunywa dawa zake anaweza kuwa mnene kukuzidi, na wewe mwenye kilo 101 ndiye unayetoka damu. Cheti kile kimekwisha muda wake. Wateja wakisema, waambie daktari amekuambia upunguze tumbo. Wanaume wengi pale sokoni wameambiwa hivyo hivyo na wanangoja mmoja atangulie.

Naomba tutofautishe jambo moja hapo. Kupungua kwa sababu unatembea na umebadili chakula ni kuzuri. Ukianza kupungua bila kujitahidi, au choo kikabadilika kikawa chembamba, au kuharisha na kufunga choo vikapokezana, usingoje tarehe ya miadi, rudi hospitali siku hiyo.

Kuhusu kaka yako kuwa mwembamba. Unene ni njia moja ya kufika kwenye ugonjwa huu, nao una njia nyingi: umri, sigara, pombe, chakula, na ukoo. Wembamba wanaugua, wanene wengi hawaugui. Zipo familia chache ambazo kasoro ya kinasaba inarithishwa na saratani ya utumbo inakuja mapema, kizazi hadi kizazi. Kwa kuwa kaka yako hakuwa na kitambi, mimi jicho langu linakwenda zaidi kwenye ukoo. Je, kuna baba mdogo, shangazi, babu aliyekufa "kwa tumbo"? Zamani tulisema tumbo tu, hata tumerogwa, tukazika. Ulizia. Kuna dada au mdogo wenu aliyevuka miaka 40? Na yeye anahusika, na watoto wa marehemu nao waambiwe umri ambao baba yao aligundulika, waujue na kuukumbuka.

Kabla ya kwenda hospitali mpigie shemeji yako Ukerewe. Mwombe karatasi za kaka, hasa majibu ya ile kamera na ya kinyama kilichopelekwa maabara; wajane huwa wanazitunza, ziko kwenye sanduku au chini ya godoro. Azipige picha akutumie, au ampe mtu wa kivuko cha asubuhi. Usimwambie ni za nini kwa simu kama unaogopa kumtonesha, mwambie daktari wangu ameziomba. Mke wako aende na wewe, yeye ndiye atakayekumbuka alichosema daktari.